Mtambo wa Zamani Umegoma Kwenye Baridi: Anza na Dizeli

Mtambo ukigoma kuwaka asubuhi ya nyuzi -25 za Selsiasi, watu wengi hukimbilia betri. Wataleta nyaya za kuchomekea, watapiga stata mpaka inanuka, na hapo ndipo fundi anaitwa. Mimi niko kwenye yadi ya mitambo ya ujenzi hapa Fargo, North Dakota, na haya nawaandikia wenzangu waliopata kazi za namna hii huku, au Minnesota, au Kanada, wakakabidhiwa greda lenye umri kuwazidi wao. Ufundi uliojifunza Mbeya au Nakuru unatosha kabisa kwa injini hizi. Kilichobaki kujifunza ni dizeli inayoganda, maana nyumbani hatukuwahi kuiona.

Kwanza, acha stata ipumzike. Kwenye baridi hii betri imeshapoteza kama nusu ya nguvu zake, na kidogo kilichobaki utakihitaji baadaye. Mweke mwenzako kwenye kiti, wewe simama unapoiona ekzosi, apige sekunde kumi tu. Ukiona moshi mweupe, mafuta yanafika kwenye silinda ila hayashiki moto: injini imepoa mno, oili imekuwa nzito na injini inazunguka polepole, hita za kuwashia, zile zinazopasha silinda joto, hazifanyi kazi, au kompresheni imechoka. Hapo usihangaike na filta. Chomeka hita ya bloku, ile inayopasha injini joto, kwenye umeme, chaji betri, kanywe chai, rudi baada ya saa mbili tatu. Usipoona moshi hata kidogo, mafuta hayafiki. Na kama mtambo uliwaka vizuri, ukafanya kazi dakika chache, ukaanza kuishiwa nguvu kila ukipewa mzigo, mwisho ukazima wenyewe, basi mafuta yalikuwa yakipita kwa shida na sasa njia imeziba.

Kinachoziba ni nta, au barafu. La tatu ni upepo, yaani hewa, ulioingia kwenye njia ya mafuta, nao kwenye mitambo ya zamani ni wa kawaida kuliko watu wanavyodhani. Ukiwa kwenye kiti vyote vitatu vinafanana, lakini dawa ya kimoja haisaidii kingine.

Nta imo ndani ya dizeli kwa asili. Mafuta yakiwa na joto huioni. Yakipoa inaanza kujitenga, kama mafuta ya nazi yanavyofanya chupani asubuhi za Julai kule Makete. Dizeli namba 2, ile ya kawaida, mara nyingi huanza kupata ukungu karibu na nyuzi -10, ingawa hutofautiana kati ya msambazaji na msambazaji. Namba 1, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa, huvumilia mpaka karibu na -40, lakini ina nguvu kidogo pungufu na bei yake iko juu. Usingoje kuona tangi zima limekuwa gumu ndipo useme imeganda. Chembe za nta huziba karatasi ya filta wakati mafuta ya kwenye tangi bado yanamiminika vizuri tu, ndiyo maana mtu hufungua kifuniko, akachungulia, akaapa kwamba mafuta hayana tatizo.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wageni. Redio hutangaza namba mbili: ya kipimajoto, na ya baridi mtu anavyoihisi upepo ukivuma. Hiyo ya pili ni ya ngozi yako. Upepo huupoza mtambo haraka, lakini hauwezi kuushusha chini ya joto la hewa yenyewe. Kipimajoto kikisema -12 na redio ikasema -25, piga hesabu za mafuta kwa -12.

Halafu kuna ule mpaka. Ng'ambo ya Mto Red ni Moorhead, upande wa Minnesota, ambako sheria inataka dizeli namba 2 ichanganywe na dizeli ya mimea, na huko mimea maana yake zaidi ni soya. Tangu 2018 kiwango ni asilimia 20 miezi ya joto, na asilimia 5 wakati wa baridi. Dizeli ya soya tupu huanza kupata ukungu karibu na nyuzi 0. Kwa hiyo mtambo uliojazwa Agosti kwenye saiti ya Moorhead, ukaegeshwa na nusu tangi, ndio unaoanza kugoma Novemba, wakati wenzake bado wanadunda. Nikiletewa mgonjwa mapema msimu, swali langu la kwanza ni hilo: mafuta haya yaliwekwa lini, na upande gani wa mto?

Sasa upimaji. Tafuta chupa safi ya jemu, ya kioo. Kinga mafuta kutoka kwenye bakuli la kuchujia maji, au fungua filta ya kwanza umimine yaliyomo. Dizeli ya mitambo hapa ni nyekundu, imetiwa rangi kuonyesha kwamba haijalipiwa kodi ya barabara, kwa hiyo usitafute weupe, tafuta ukungu. Ingiza chupa ofisini penye joto na uiache bila kuitikisa. Ukungu ukitoweka na mafuta yakang'aa, ilikuwa nta. Maji yakijitenga chini, ulikuwa na barafu. Ukiona utando mweusi unaoteleza ambao hauondoki kwa joto, hao ni wadudu waliozaliana mpakani mwa maji na mafuta, na tangi linahitaji kuoshwa. Filta yenyewe pia inasema: nta ni ute mzito unaolainika ukiusugua kati ya vidole, barafu ni chembe ngumu zinazokwaruza.

Wakati chupa ikingoja, fanya jaribio ambalo kwangu linashinda vifaa vyote vya duka. Chukua dumu la lita tano la dizeli namba 1 lililolala ndani penye joto. Lifunge mahali pa juu kuliko injini, shusha mpira safi mpaka kwenye mlango wa pampu ya kuvutia mafuta, weka filta mpya, toa upepo, piga stata. Injini ikiwaka na kutulia, pampu na nozeli ni nzima. Ugonjwa uko kati ya tangi na pale ulipochomeka mpira. Umeshaokoa siku nzima, na hela ya pampu ambayo bosi alikuwa ameshaanza kuiulizia.

Kama ni nta: badilisha filta, na mpya itoke ndani penye joto, si kwenye boksi lililolala nyuma ya pikapu. Ukiijaza kabla ya kuifunga, mimina kwenye matundu ya pembeni, kamwe si tundu la katikati, ili mafuta yapite kwenye karatasi kwanza. Kuhusu dawa, watu hukanganya chupa mbili za Power Service, chapa ya dawa za dizeli. Nyeupe ni ya kuzuia, inatiwa mafuta yakiwa bado hayajapata ukungu. Ukiimwaga juu ya nta iliyokwisha kujitenga umetupa pesa. Nyekundu ndiyo ya kuokolea. Lakini nayo haifanyi miujiza kwenye tangi la nyuzi -25, inahitaji joto. Funika mtambo kwa turubai mpaka chini, elekeza hita ya kupuliza hewa ya moto kwenye tangi na njia ya mafuta ukiiweka mbali kidogo, acha upenyo wa hewa, na mtu asikae humo ndani, kwa sababu moshi wa hita huua bila harufu ya kukuonya. Kuna wazee hapa watakwambia wao walikuwa wakiwasha moto chini ya tangi. Waache na hadithi zao.

Nikiona baridi imekaza, kwenye vichujio vya mafuta vya mwanzoni, vya chapa ya Racor, naweka karatasi ya mikroni 30, ya matundu makubwa, ile yenye alama nyekundu, badala ya 2 ya kahawia. Filta ya matundu madogo iliyo kwenye injini naiacha kama ilivyo, hiyo ndiyo inayolinda pampu.

Kama ni barafu, usipoteze dawa ya nta. Mwaga maji ya moto kwenye matambara, yazungushe kwenye bakuli la kuchujia maji na kwenye kila kiwiko cha bomba, maana maji hupenda kukaa penye kona. Fungua bomba upande wa injini, fungua kifuniko cha tangi, puliza hewa ya shinikizo dogo kurudi kwenye tangi. Ukisikia mapovu yanabubujika, njia iko wazi. Usiposikia kitu, ziba iko kwenye kichungi kidogo kilichomo ndani ya tangi lenyewe, ambacho nusu ya mafundi hawajui kuwa kipo. Angalia pia tundu la kupumulia la kifuniko. Theluji ikiliziba, tangi halipumui, na injini huzima baada ya dakika kadhaa kana kwamba mafuta yameisha. Legeza kifuniko: ukisikia inavuta hewa kwa nguvu, umempata mwizi. Kutoa maji kwenye bakuli ni kazi ya jioni, mafuta yakiwa bado na joto. Asubuhi utafungua koki na hakitatoka kitu. Na spiriti usimwage kwenye dizeli hata kama inayeyusha barafu, kwa kuwa pampu hizi za zamani hulainishwa na mafuta yenyewe.

Upepo ndio unaowatesa mafundi. Mipira ya miaka mingi hukakamaa kwenye baridi, oringi husinyaa, na upande wa kuvuta unaweza kunyonya hewa bila kudondosha tone moja nje. Kiangazi mtambo huo huo haukuwa na neno. Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu, tazama mapovu, kisha badilisha mipira ya upande wa kuvuta yote, si ule mmoja unaoushuku. Ni rahisi kuliko kurudi nje tena kesho.

Kutoa upepo kila injini ina tabia yake. Katapila nyingi za zamani, kama greda la 140G lenye injini ya 3306, zina pampu ya mkono karibu na filta: unafungua kishikio kwa kukizungusha, unapampu mpaka kinakuwa kizito, kisha unakifunga tena vizuri, kwani kikibaki wazi chenyewe kitaingiza hewa. Perkins ndogo, zile za kwenye Massey Ferguson, zina kijiti kwenye pampu ya kuvutia. Ukikisukuma na kikawa kinacheza bila uzito wowote, pampu haijafa. Kamu ya injini imesimama pabaya. Zungusha injini mzunguko mmoja ujaribu tena. Anza na skrubu ya juu ya filta mpaka mafuta yatoke bila povu, nenda kwenye skrubu ya ubavuni mwa pampu ya sindano, kisha ya kwenye kofia ya gavana, kidhibiti mwendo wa injini. Mwisho legeza nati za mabomba ya nozeli, apige stata mpaka kila moja itoe mafuta, ukaze. Usiweke kiganja mbele ya nati hizo. Mafuta ya shinikizo hupenya ngozi, na hiyo ni safari ya hospitali.

Ile kopo ya eta, dawa inayowaka upesi ya kuamshia injini, ya kupuliza kwenye kichujio cha hewa, kwenye injini yenye hita ya kuwashia usiiguse. Huwaka kabla ya wakati na kuvunja pete za pistoni, hata pistoni yenyewe. Kwenye zisizo na hita, mpulizo mdogo huku injini ikizunguka, basi.

Oktoba ndipo kazi yenyewe inapofanyika. Choma mafuta ya kiangazi mpaka karibu na mwisho kabla ya kujaza ya baridi. Kwa kuchanganya, wengi hapa huhesabu kwamba kila asilimia 10 ya namba 1 inashusha kikomo cha kupata ukungu karibu nyuzi 1.7 za Selsiasi, hivyo nusu kwa nusu hukufikisha karibu na -18 au -19. Kwa usiku wa -30 hiyo haitoshi. Ongeza namba 1 na dawa ya kuzuia, uitie tangi likiwa na joto na kabla ya kujaza ili ijichanganye. Jaza tangi jioni, nafasi tupu ndiyo inayotengeneza maji. Na kila mtambo unaojazwa, andika kwa kalamu ya rangi pembeni ya kifuniko tarehe na mchanganyiko uliotiwa, ili wa zamu ya asubuhi asibahatishe.