Jinsi ya Kuchunguza Historia na Idadi ya Watu wa Mji wa Pembezoni mwa Paris Ukiwa Kigoma

Mwanafunzi wa Kifaransa hapa Kigoma anapopewa kazi ya kuelezea mji wa Ufaransa, au familia inapotaka kuufahamu mji alikohamia ndugu yao, jambo la kwanza kutafutwa huwa ni takwimu moja: mji huo una watu wangapi? Swali ni la haki, ila jibu lake halisaidii kitu mpaka ujue ni eneo gani lililohesabiwa, mwaka gani na kwa kanuni ipi. Mwongozo huu unaonyesha njia ya kufuata kwa kutumia mfano wa Argenteuil, mji ulio kando ya mto Seine, kaskazini-magharibi mwa Paris.

Anza na mipaka. Argenteuil ni komuni, yaani mamlaka ya ngazi ya chini kabisa yenye meya na baraza lake, na wala si kata ya jiji la Paris, ingawa nyumba zimefuatana mfululizo kiasi kwamba mgeni hawezi kujua alipovuka mpaka. Jingine la kuzingatia ni mkoa. Hadi mwisho wa mwaka 1967 mji huu ulikuwa chini ya Seine-et-Oise, mkoa ambao makao yake yalikuwa Versailles, na kuanzia 1968 ukawa katika mkoa mpya wa Val-d'Oise. Anayetafuta nyaraka za mwaka 1920 kwa jina la Val-d'Oise peke yake anaweza kudhani hazipo. Msomaji wa Kigoma hatashangazwa na hali hiyo, kwa kuwa kumbukumbu za mji wetu nazo zimegawanyika kati ya Wajerumani, Wabelgiji walioushika kuanzia 1916 hadi 1921, na Waingereza waliowafuata.

Baada ya mipaka, tafuta kazi zilizowaleta watu, na hapo usiwe na haraka, kwa sababu ndipo historia yenyewe ilipo. Argenteuil ya zamani ilijengeka kuzunguka monasteri ya watawa wa kike iliyoanzishwa karne ya 7, na kwa muda mrefu wakazi wake waliishi kwa kilimo cha mizabibu na kwa machimbo ya jasi. Reli ya kutoka Paris ilifika eneo hilo mwaka 1851, na wakazi wa jiji wakaanza kwenda huko siku za mapumziko kuendesha mashua za tanga. Mchoraji Claude Monet alihamia huko mwishoni mwa 1871, mwaka uleule ambao Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, akakaa hadi 1878; wakati huo mji ulikuwa na watu karibu 8,000. Michoro yake itazame kwa makini, kwani nyuma ya matanga utaona mara kwa mara mabomba ya moshi wa viwanda. Viwanda hivyo ndivyo vilivyoibadilisha Argenteuil kuwa mji wa wafanyakazi, kwanza kutoka mikoa mingine ya Ufaransa, kisha kutoka Italia, na baadaye Algeria na nchi nyingine za Afrika Kaskazini. Kuanzia miaka ya 1960 yakajengwa maghorofa ya Val d'Argent. Ukingo wa mto uliovutia wachoraji sasa umetengwa na mji kwa barabara kuu ya magari yaendayo kasi, jambo ambalo, kwa maoni yangu, linaeleza mengi kuliko kurasa nyingi za sifa za mji huo.

Sasa ndipo uende kwenye takwimu. Ufaransa imefanya sensa tangu 1801, na orodha za majina kwa kila kaya hupatikana katika komuni nyingi kuanzia 1836, kila baada ya miaka mitano. Sensa ya 1871 ilisogezwa hadi 1872 kwa sababu ya vita, na ile ya 1916 na ya 1941 hazikufanyika kabisa, hivyo usipoteze muda kuzitafuta. Orodha za zamani zimewekwa kwenye tovuti za nyaraka za mikoa. Picha zake ni nzito, kwa hiyo zipakue mahali penye intaneti ya kuaminika badala ya kumaliza bando la simu.

Chukua mstari mmoja wa orodha ya miaka ya 1920 au 1930 uusome kutoka kushoto kwenda kulia: mtaa, nyumba, jina, mwaka wa kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, uraia, uhusiano na mkuu wa kaya, kazi, na mara nyingi jina la mwajiri. Kurasa chache za mtaa mmoja zitakuonyesha kiwanda kipi kiliajiri majirani wote, na nani alipangisha chumba kwa mtu wa kijijini kwao.

Kwa miaka ya karibuni tumia takwimu za INSEE, taasisi ya takwimu ya taifa iliyoanzishwa 1946. Utaona kwamba Argenteuil ilivuka watu 100,000 mwaka 1975, ikashuka hadi karibu 94,000 mwaka 1999, kisha ikapanda kupita 110,000 katika miaka ya 2010. Usikimbilie kuandika kwamba watu walikimbia mji. Kaya zikipungua ukubwa, nyumba zilezile hubeba watu wachache. Tangu 2004, komuni zenye watu 10,000 au zaidi hazihesabiwi zote kwa siku moja, bali asilimia 8 ya makazi huchukuliwa kila mwaka, na matokeo hutangazwa yakiwa na tarehe ya miaka mitatu nyuma.

Usitafute jedwali la makabila au dini, kwa kuwa sensa ya Ufaransa haiulizi mambo hayo. Huuliza uraia na mahali pa kuzaliwa. Mtoto wa mhamiaji aliyezaliwa Argenteuil akiwa raia wa Ufaransa huandikwa Mfaransa tu, kwa hiyo idadi ya wageni kwenye jedwali si idadi ya watu wenye asili ya nje.

Ukitaka kuweka Argenteuil na Kigoma-Ujiji katika jedwali moja, kumbuka kwamba sensa yetu ya 2022 iliwahesabu watu kwa mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, wakati Ufaransa humhesabu mtu kwenye makazi yake ya kawaida. Mgeni aliyelala Mwanga usiku ule akisubiri meli ya kwenda Kalemie alihesabiwa Kigoma. Mgeni wa namna hiyo Argenteuil angehesabiwa kwao. Tofauti hiyo iandike chini ya jedwali, pamoja na mwaka wa kila takwimu.