Kutu Isiyohitaji Hewa: Jaribio la Chupa Mbili

Hapa Malindi, mtu akitaja kutu, sote tunafikiria mabati na misumari iliyoliwa na upepo wa chumvi. Kutu hiyo nyekundu ni kazi ya maji na hewa kwa pamoja. Ndani ya asteroidi za mwanzo, yaani miamba midogo inayolizunguka jua, zaidi ya miaka milioni 4,500 iliyopita, hewa haikuwapo, na bado chuma kilibadilika. Jaribio hili, ambalo hulifanya na wanafunzi wangu wa kidato cha pili, huanzia kwenye tofauti hiyo.

Hatua ya kwanza. Tafuta misumari minne isiyopakwa zinki, uisugue kwa msasa mpaka ing'ae. Andaa chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana, pamoja na sumaku ya spika mbovu ya redio.

Hatua ya pili. Tia misumari miwili katika chupa moja, mimina maji ya mfereji yafikie nusu yake, uiache wazi.

Hatua ya tatu ndiyo inayoharibika mara nyingi. Chemsha maji kwa dakika 15 ili hewa iliyoyeyuka itoke, kisha, yakiwa bado ya moto kiasi, yamimine taratibu katika chupa ya pili mpaka misumari izame kabisa, na juu yake uongeze mafuta ya nazi yenye unene wa kidole. Mwaka wa kwanza niliiandaa chupa hii nyumbani nikaipeleka shuleni kwa bodaboda. Mafuta na maji vilivurugika njiani, na baada ya siku tatu misumari ilikuwa myekundu mbele ya darasa zima. Iandae pale pale itakapokaa.

Hatua ya nne. Subiri siku tano. Chupa ya wazi itakuwa na kutu yenye rangi ya tope la mto Sabaki. Ya mafuta itakuwa na misumari inayong'aa bado. Usiharakishe kusema kwamba maji peke yake hayakiwezi chuma. Yanakiweza, ila yanataka joto au muda mrefu. Katika miaka ya 1780 mwanakemia Mfaransa Lavoisier alipitisha mvuke katika mtutu wa bunduki uliopashwa moto hadi kuwa mwekundu, akapata hidrojeni (hilo lisijaribiwe nyumbani). Katika asteroidi joto lilitoka kwa alumini-26, aina ya alumini yenye mnururisho, ambayo nusu yake huoza katika miaka 700,000 hivi. Barafu iliyeyuka, na chuma kikajitwalia oksijeni kutoka kwenye maji yenyewe: 3Fe + 4H₂O → Fe₃O₄ + 4H₂. Kilichobaki ni magnetaiti, oksidi nyeusi ya chuma inayovutwa na sumaku, na hidrojeni ikawa huru.

Hatua ya tano. Funga sumaku kwa karatasi, uipitishe katika michirizi ya mchanga mweusi wa ufuo wa Mambrui. Chembe zitakazoning'inia kama ndevu zina magnetaiti, ingawa hizi zimetokana na miamba ya duniani. Katika kimondo cha Ivuna, kilichoanguka Tanzania tarehe 16 Desemba 1938 na kulipa kundi zima la vimondo jina lake, magnetaiti imo katika vishada vidogo mithili ya fursadi, vinavyoonekana kwa hadubini tu. Vumbi la asteroidi Ryugu, takriban gramu 5.4, lililoletwa na chombo cha anga cha Japani, Hayabusa2, mwaka 2020, lilikutwa likifanana sana na Ivuna.

Hatua ya sita inahusu madini ya mawe, na hapa ndipo wanafunzi hukwama. Olivini, madini ya kawaida ya mawe ya asteroidi, ilipokutana na maji iligeuka serpentini na madini mengine ya jamii ya udongo, ambayo huyashika maji ndani ya umbo lake. Mfano wangu ni saruji: fundi mwashi anajua kwamba maji aliyochanganya hayakauki yote, mengine huwa sehemu ya jiwe. Saga kipande cha saruji ya zamani iliyokauka vizuri, uvae miwani ya kinga, uupashe unga huo moto katika mrija wa maabara, na matone ya maji yatajitokeza karibu na mdomo wa mrija. Ivuna, jiwe kavu kwa macho, ikipashwa moto nayo hutoa maji vivyo hivyo.