Namna ya Kupima Maswali ya Uelewa wa Afya Yanapohamishiwa Lugha Nyingine

Swali la dodoso laweza kutafsiriwa bila kosa hata moja la sarufi na bado likapima jambo ambalo mtunzi wake hakulikusudia. Chukua dodoso la HLS-EU-Q47, linalopima uelewa wa afya na lililotumiwa mwaka 2011 katika nchi 8 za Ulaya. Lina maswali 47, na karibu kila mara mhojiwa hutakiwa kusema iwapo jambo fulani, kwa mfano kujua mahali pa kupata msaada wa kitaalamu anapougua, kwake ni rahisi sana, ni rahisi, ni gumu au ni gumu sana. Kwa Kiswahili neno «rahisi» ndilo hilo hilo tulitumialo kwa bei nafuu, na ukianza swali kwa «ni rahisi kiasi gani kwako kupata matibabu», maneno «kiasi gani» yanazidi kumvuta msikilizaji kwenye fedha. Atakujibu vizuri kabisa, ila atakuwa amejibu kuhusu gharama, na kosa hilo litajirudia dodoso zima.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya tafsiri. Andika kwa kila swali sentensi moja inayoeleza linatafuta nini: je, ni uwezo wa kupata habari za afya, kuzielewa, kuzipima ubora wake, au kuzitumia katika kuamua? Uwezo huo wa aina nne ndio msingi wa dodoso nililolitaja, na mfasiri asiyeambiwa anashughulikia upi kati yake atakisia tu. Sentensi hizo ndizo utakazolinganisha nazo majibu ya watu baadaye. Bila hizo huna kigezo cha kusema swali limefaulu au limeshindwa.

Hapo hapo jiulize kama chombo chenyewe kinatafsirika. Kipimo cha REALM, ambacho toleo lake fupi la maneno 66 lilichapishwa mwaka 1993, humtaka mtu asome kwa sauti orodha ya maneno ya kitabibu. Kwa Kiingereza kinafanya kazi kwa sababu maandishi ya lugha hiyo na matamshi yake hayafuatani, hivyo anayelitamka neno sawasawa huenda amewahi kulisikia. Kihispania huandikwa kama kinavyotamkwa, na ndiyo maana watafiti walioandaa kipimo cha Kihispania cha namna hiyo, SAHLSA, mwaka 2006 walilazimika kuongeza jaribio la maana, ambapo kila neno huambatana na maneno mawili na mhojiwa huchagua lipi linahusiana nalo. Kiswahili kina tabia hiyo hiyo. Mtu aliyemaliza darasa chache tu atasoma «shinikizo la damu» bila kukwama, hata kama hajui kwamba ndiyo ile presha anayoisikia kila siku.

Tafsiri yenyewe ifanywe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha wakutane na mtaalamu wa afya na mtu anayejua utungaji wa madodoso, wapitie swali moja baada ya jingine, na awepo mmoja mwenye mamlaka ya kukata shauri. Utaratibu huu, unaohusishwa na mtafiti wa mbinu za madodoso Janet Harkness na kujulikana kwa kifupi kama TRAPD, humalizikia kwenye majaribio na kuweka kumbukumbu. Wengi bado hutegemea tafsiri ya kurudisha, yaani kumpa mtu mwingine matini ya Kiswahili airudishe katika lugha ya kwanza, njia iliyoenezwa na mwanasaikolojia Richard Brislin tangu mwaka 1970. Ina faida ya kunasa maneno yaliyorukwa, lakini kwa maoni yangu inaaminiwa kupita kiasi, kwa kuwa «rahisi» itarudi kama ilivyokwenda na kila mtu ataridhika.

Kiini cha kazi ni mahojiano ya kuchunguza fikra za mhojiwa. Mtu anapojibu swali hupitia hatua nne: huelewa lililoulizwa, hukumbuka, hupima, kisha huchagua jibu, nawe unatafuta hatua iliyoteleza. Anza na watu kama 8 hadi 10 kwa kila lugha, rekebisha, kisha rudi kwa kundi jipya. Wachague zaidi wale wenye elimu ndogo, wazee, na wasiozungumza lugha ambamo dodoso liliandikwa kwanza. Mtu wa lugha mbili ni mhojiwa wa kupotosha hapa, maana nyuma ya sentensi ya Kiswahili iliyopinda yeye huisikia ile ya asili na kuinyoosha mwenyewe.

Usiulize «Umeelewa?» kwa sababu adabu itamfanya akubali. Mwombe alirudie swali kwa maneno yake, au muulize: «Uliposema ni rahisi, ulikuwa ukifikiria nini?» Penye maelekezo ya dawa, mpe tukio. Tuseme swali lina maneno «meza kidonge kila saa nane». Kwa anayehesabu saa kwa Kiswahili, hayo yanaweza kumaanisha kila siku ifikapo saa nane. Basi mwambie kidonge cha kwanza kimemezwa saa moja asubuhi, umuulize kinachofuata kitamezwa lini. Akijibu saa tisa alasiri, ameelewa muda unaopita kati ya dozi. Akijibu saa nane, mwenye kosa ni mwandishi aliyeacha kuandika «kila baada ya saa nane». Ukilihesabu jibu hilo kuwa dalili ya uelewa mdogo wa afya, umempa mhojiwa alama mbaya kwa kosa lako.

Lugha zikiwa kadhaa, weka majedwali ya mahojiano sambamba. Swali linalokwaza katika lugha moja lina kasoro ya tafsiri au ya mazingira; linalokwaza katika zote lilizaliwa na kasoro, na la asili ndilo la kurekebishwa. Uangalifu unahitajika pia unapobadili majibu: kuacha «rahisi» na kutumia «bila shida yoyote» hadi «kwa shida kubwa» kunaondoa utata wa bei, lakini kipimo kilichokuwa na pande mbili, urahisi na ugumu, sasa kina upande mmoja, wa shida tu, hivyo wasiliana na wamiliki wa dodoso kabla ya kulinganisha alama za nchi na nchi.

Mwishoni fanya jaribio dogo la takwimu. Linganisha watu wa lugha tofauti wenye jumla sawa ya alama: ikiwa katika swali moja wanatofautiana kwa namna isiyoelezwa na jumla hiyo, swali hilo haliwatendei sawa. Wengi hupendekeza angalau watu 200 kwa kila lugha. Takwimu zitakuonyesha swali lenye hitilafu bila kukueleza sababu, kwa hiyo lirudishe kwenye mahojiano, na kila neno utakalolibadilisha lisomwe tena kwa sauti mbele ya watu wapya, huku sababu ya badiliko ikiandikwa pembeni mwa swali.