Kusaidia kusomesha Kiingereza Japani: ya kutengeneza ukiwa bado Unguja au Pemba

Kabla hujaulizia mshahara, hesabu miaka yako ya masomo. Ukaazi wanaopewa walimu wa skuli za serikali Japani unamtaka anayesomesha lugha ya kigeni awe amesomeshwa kwa lugha hiyo si chini ya miaka 12, na juu yake, kwa kawaida, awe na shahada. Hapo ndipo Wazanzibari wengi hukwama. Aliyesoma msingi kwa Kiswahili ana miaka 4 ya kidato cha kwanza hadi cha nne, 2 ya kidato cha tano na sita, na 3 ya chuo kikuu: jumla 9. Hata akiongeza shahada ya uzamili ya miaka 2 anafika 11. Anayetimiza bila taabu ni yule aliyeanza tangu mdogo katika skuli ya binafsi inayosomesha kwa Kiingereza. Pita kila skuli uliyosoma, uombe barua yenye muhuri inayotaja miaka yako na lugha ya kusomeshea. Anza mapema, maana majalada ya zamani hayapatikani kwa siku moja.

Njia za kuingilia ni mbili kubwa. Mpango wa JET, wa serikali ya Japani wa kualika wageni kusaidia kusomesha lugha, ulioanza 1987, huchukua raia wa nchi zilizoalikwa tu, kwa hiyo anzia Ubalozi wa Japani, Dar es Salaam. Njia ya pili ni kampuni zinazopeleka walimu wasaidizi kwenye skuli za miji. Huku usome mkataba mstari kwa mstari, hasa mshahara wa Agosti, mwezi wa likizo, kwani kampuni nyingine huupunguza. Mwajiri ndiye anayekuombea hati ya kustahiki ukaazi kule kule Japani. Hati hiyo hudumu miezi 3 tu, basi usiikalie. Ukishapata nyumba, jiandikishe ofisi ya mji ndani ya siku 14.

Mwaka wa skuli huanza Aprili. Kipindi cha msingi ni dakika 45, cha sekondari ya chini ni 50. Tangu 2020 Kiingereza ni somo kamili darasa la tano na la sita, vipindi 70 kwa mwaka. Mwenye darasa ni mwalimu wa Kijapani. Wewe ni msaidizi. Siku moja kabla, muulize ukurasa gani, sentensi gani, na dakika ngapi ni zako.

Kazi yako kubwa ni matamshi, na hapa Mswahili ana faida na hatari pamoja. Kijapani, kama Kiswahili, huyapa maneno ya kigeni irabu mwishoni: sisi tunasema basi, shati, gilasi, wao husema basu, shatsu, gurasu. Mtoto ataisoma "desk" desuku, na sikio lako lililozoea irabu linaweza kuipitisha. Dawa yake ni makofi. Kila silabi kofi moja: "desk" ni kofi moja, akipiga matatu ujue irabu zimeingia. Usimsahihishe peke yake mbele ya wenzake, atanyamaza mwezi mzima. Tamka wewe mara tatu, darasa lote liitikie, kisha wawili wawili.

Chakula cha mchana huliwa darasani pamoja na watoto, nacho huitwa kyushoku. Omba ratiba ya mwezi na orodha ya viungo. Jifunze kuitambua alama 豚, nguruwe, na uulizie mirin, kileo cha kupikia kinachotiwa kwenye michuzi, pamoja na jelatini, kigandishi kinachotokana na wanyama. Ukiona shaka, omba ruhusa ya kuja na chakula chako. Baada ya kula watoto hufagia na kupiga deki, nawe shika kitambaa. Ndani hutembei na viatu vya nje: chukua jozi safi ya ndani kutoka nyumbani ikiwa mguu wako ni mkubwa.

Suala la sala limalize wiki ya kwanza. Muombe naibu mwalimu mkuu chumba kitupu kwa dakika 10 wakati wa mapumziko ya mchana, na umtajie saa zenyewe kwa maandishi. Disemba jua la Tokyo huzama karibu saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo Alasiri itakukuta kazini na Magharibi huenda ikakukuta njiani.