Jinsi ya kufanya video yako ipatikane na mtu anaetafuta kwa kuongea na simu

Machalii wengi wa Chuga (Arusha) na Moshi tukiposti video tunaweka taito kama tangazo la disko, "MTORI WA KICHAGA USIPITWE!!!", alafu tunashangaa viu haziendi. Sasa mfikirie mama yuko jikoni, mikono imejaa utomvu wa ndizi, kutaipu hawezi, anabonyeza ile maiki ya YouTube anasema "mtori wa nyama unapikwaje". Hakuna mtu anaeongea na simu akasema usipitwe.

Simu inachofanya ni kugeuza sauti yake kuwa maandishi na ndo hayo yanayotafutwa. Google waliingiza Kiswahili kwenye mambo ya kutambua sauti mwaka 2017, kwahiyo watu wanauliza kama wanavyoongea nyumbani, sentensi nzima, na "ati" ndani. Taito yako iwe hilo swali.

Utajuaje swali lenyewe? Mpe simu mtu ambae hajui video yako, mwambie kitu anachotaka kujua lakini usimpe maneno, alafu sikiliza anavyouliza, manake bibi wa Kibosho hataongea kama konda wa stendi. Au anza kuandika "jinsi ya kupika m" kwenye YouTube uone inakumalizia vipi. Na yale maswali mnayojibu WhatsApp kila siku, kama "kupanda mlima ni shilingi ngapi", hizo ni taito za bure kabisa mnaziacha zinapotea.

Taito inaruhusu herufi 100 ila kwenye simu inakatwa, so swali likae mwanzoni. Nyie maguide wa mlima Kilimanjaro ndo mnaniumiza, mtu anaandika "Siku ya tatu Machame na wana", nani atatafuta hiyo? Andika "Njia ya Marangu na Machame, unalala wapi?" na ukifungua tu mdomo jibu: Marangu unalala kwenye vibanda, Machame unalala kwenye hema. Intro ya muziki na droni juu ya migomba weka baadae kama lazima, mtu aliyeuliza kwa mdomo anataka kujibiwa chapchap.

Na hilo swali litamke kabisa kwenye video, sio kuliandika tu, kwasababu YouTube inaangalia taito, maelezo na pia kilichomo ndani ya video. Usirekodie stendi daladala zinapiga honi. Alafu ingia YouTube Studio, lugha ya video weka Kiswahili, na subtaito andika mwenyewe au pandisha faili la srt, yaani maandishi yenye muda wa kila sentensi. Inachosha, najua, ila ukiiachia mashine majina kama machalari (zile ndizi za nyama) na Umbwe (njia nyingine ya mlima) inaweza kukuandikia vichekesho.

Video ikiwa ndefu igawe vipande kwenye maelezo: cha kwanza lazima kianzie 0:00, viwe angalau vitatu vinavyofuatana na kila kimoja kisipungue sekunde 10. Navyo vipe majina ya maswali, "ndizi gani zinafaa mtori", "nyama inachemka muda gani", sio "sehemu ya pili".

Tagi msihangaike nazo, YouTube wenyewe wanasema mchango wake ni mdogo, zinafaa zaidi kwa maneno ambayo watu wanayakosea, kama wale wanaoandika Kilimanjalo.

Ikishakaa hewani kidogo fungua takwimu kwenye Studio, nenda sehemu inayoonyesha watazamaji wametokea wapi, bonyeza utafutaji wa YouTube, utaona maneno yaliyowaleta. Ukikuta sentensi ndefu ndefu yenye "vipi" na "ngapi" kuna uwezekano ni mtu aliyeongea, na kama video yako ilimgusia tu juujuu bila kumjibu, mrekodie yake.