Faili likihama programu: kinachodondoka njiani, na akili mnemba inapoingia

Faili la PSD (faili la kazi la Photoshop) likitoka Photoshop kwenda GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, au programu ya simu, mara nyingi halikatai kufunguka. Linafunguka vizuri tu, ila kuna vitu vimedondoka. Mhariri haoni onyo, anaendelea na kazi, anahifadhi juu ya faili lile lile, na kilichopotea hakirudi tena. Kwa hiyo faili la mtu mwingine likifika, tengeneza nakala kabla ya kugusa chochote.

Anzia upande wa mtumaji. Kwenye Photoshop ingia Edit, Preferences, File Handling, kisha mstari wa Maximize PSD and PSB File Compatibility uweke Always. Faili litaongezeka ukubwa, lakini ndani yake kutakuwa na nakala ya picha nzima iliyounganishwa. Nakala hiyo isipokuwepo, Lightroom, programu nyingine ya picha ya Adobe, haipokei PSD hiyo, na baadhi ya programu huonyesha karatasi nyeupe yenye maandishi tu.

GIMP 2.10, ambayo bado iko kwenye kompyuta nyingi za studio, hugeuza maandishi ya PSD kuwa picha ya kawaida, huacha leya (matabaka ya picha) za kurekebisha rangi na mwanga, na smart object (picha iliyopachikwa nzima ndani ya leya) huisoma kama pikseli tupu. Kabla ya kutuma, chagua leya ya juu kabisa ubonyeze Ctrl+Shift+Alt+E. Itazaliwa leya mpya yenye mwonekano wa mwisho. Iite REJEA. Anayepokea ataizima na kuiwasha akilinganisha na anachokiona. Rangi zikitofautiana, atajua kuna leya iliyoachwa nyuma. Kwa mabango makubwa kumbuka kwamba PSD inaishia pikseli 30,000 kwa upande na GB 2. Zaidi ya hapo Photoshop itakutaka uhifadhi PSB, aina ya faili ya picha kubwa, na si kila programu inaisoma.

Rangi zikionekana zimepauka kwenye simu ya mteja, aghalabu picha ilikuwa Adobe RGB, yenye wigo mpana wa rangi, na profaili yake (maelezo ya namna ya kusoma rangi hizo) ikapotea njiani. Tumia Edit, Convert to Profile, chagua sRGB, wigo wa kawaida wa rangi za skrini, ndipo utoe JPEG. Usichanganye na Assign Profile: Convert hubadilisha namba za rangi ili mwonekano ubaki, Assign huacha namba zilivyo na kubadilisha mwonekano.

Kamera mpya na programu ya zamani nazo hazielewani. Photoshop CS6 ya 2012 iliishia Camera Raw (sehemu yake inayosoma picha ghafi za kamera) 9.1.1, wakati faili ghafi za CR3 za Canon zilikuja 2018 na kamera ya EOS M50. Hakuna haja ya kutafuta programu ya wizi. Adobe DNG Converter, inayogeuza picha ghafi kuwa faili la DNG, ni ya bure, na kwenye Preferences zake unachagua toleo la Camera Raw ambalo DNG itakubaliana nalo. Picha za iPhone za HEIC ni rahisi zaidi: Settings, Camera, Formats, Most Compatible, na kuanzia hapo simu inapiga JPEG.

Akili mnemba inaleta tatizo la aina hiyohiyo, ila linalodondoka sasa ni habari ya jinsi picha ilivyotengenezwa. Generative Fill ya Photoshop, inayojaza sehemu ya picha kwa akili mnemba, ilipotoka 2023 ilikuwa inazalisha kipande kisichozidi pikseli 1024 kwa upande. Ukichapa kwa 300 dpi (nukta kwa inchi), hizo ni kama sentimita 8.7 tu, na A4 inataka 2480 kwa 3508. Ndiyo maana ukijaza ukuta mzima kwa mara moja sehemu hiyo inatoka laini kama imepigwa ukungu. Jaza vipande vidogo vidogo vinavyopishana.

Jambo ambalo wengi hawamwambii mteja: kazi hiyo haifanyiki kwenye kompyuta yako. Sehemu ya picha inapelekwa kwenye seva. Uso wa mtu ni taarifa binafsi, na Tanzania ina sheria ya kuzilinda ya 2022, Kenya ya 2019. Kwa picha za watoto, wagonjwa au nyaraka, omba ruhusa kwanza au tumia Clone Stamp, ambayo hunakili sehemu moja ya picha juu ya nyingine na haihitaji intaneti.

Kuondoa ndoo ya takataka kwenye picha ya harusi hakumdhuru mtu. Kumvalisha mtu nguo ambayo hakuivaa, au kumweka mahali ambapo hakuwepo, bila yeye kukubali, ni kosa hata kama mlipaji ni ndugu yake. Picha ya habari isiguswe kabisa.

Steshenari zinazopiga picha za bahati nasibu ya viza ya Marekani ziwe makini zaidi. Inatakiwa JPEG ya mraba, pikseli 600 hadi 1200 kwa upande, isiyozidi kB 240, rangi za sRGB. Na mamlaka za huko zinakataza kubadili picha kwa programu, vichujio au akili mnemba. Kung'arisha ngozi au kubuni mandhari nyeupe kunaweza kumkosesha mteja nafasi aliyoisubiri mwaka mzima. Mpige mbele ya ukuta mweupe, basi. Kilichobaki ni kukata na kupunguza ukubwa.

Picha iliyotumia akili mnemba iwekewe alama ndani ya faili. Washa Content Credentials (rekodi iliyosainiwa ya jinsi picha ilivyohaririwa) chini ya menyu ya Window kabla ya kuanza kuhariri. Kama programu yako haina, ExifTool, programu ya bure ya kuandika metadata (taarifa zilizomo ndani ya faili), inatosha kwa amri hii:

exiftool -XMP-iptcExt:DigitalSourceType="http://cv.iptc.org/newscodes/digitalsourcetype/compositeWithTrainedAlgorithmicMedia" picha.jpg

Hiyo ni kwa picha halisi iliyoongezewa kipande; iliyobuniwa yote andika trainedAlgorithmicMedia. Usiandike juu ya faili ambalo tayari lina Content Credentials, kwa sababu badiliko lolote baada ya kusainiwa huvunja saini.

WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kufuta metadata, alama yako ikiwemo. Tuma kama Document. Na kwa kuwa mteja naye ataisambaza kwa njia ya kawaida, andika "imeongezewa kwa akili mnemba" kwenye maelezo ya picha na kwenye risiti, kisha umkabidhi na faili la awali lisiloguswa.