Kupandisha nguruwe kwa chupa na hili joto letu la Masasi

Jamani wafugaji wenzangu wa Masasi na Ndanda, mbegu ya dume ya kumwekea jike bila dume mwenyewe ikifika kwenye chupa yake usiitupie kwenye friji kama soda, inataka nyuzi 16 hadi 18 tu, baridi kali inaiua na jua letu nalo linaiua, mi naweka kwenye deli, chini chupa za maji baridi nimezizungushia kanga, juu ndo mbegu na kipimajoto. Jike mkandamize mgongo, akisimama tuli masikio juu huyo tayari, ukimwona asubuhi mpandishe jioni. Mpira wa skrubu, ule mrija wa kupitishia mbegu wenye ncha kama skrubu, upake jeli, uelekeze juu kidogo, zungusha kushoto mpaka ushike, afu muache jike avute mbegu mwenyewe taratibu, usikamue chupa kabisa! Siku ya 21 mcheki tena kama joto lake la kutaka dume limerudi.